Unga wa Baba Mkwe

Kwanza nikutoe wasiwasi. Niko hai, nina nyama mashavuni, na ukija Tukuyu sokoni kununua ndizi kwangu utalalamika jinsi nilivyo mgumu wa kushuka bei. Naanza na hilo kwa sababu nilipokuwa mgonjwa nilimtafuta mtu mmoja tu wa kuniambia maneno hayo, mtu mwenye ugonjwa kama wangu ambaye bado ana nguvu za kugombana na wateja, na sikumpata. Kila niliyemuuliza hajawahi hata kuusikia. Sasa kama daktari amekuambia juzi kwamba mwili wako haupatani na ngano, na umetoka chumbani kwake ukaona mji mzima unanuka chapati, kaa hapa kidogo. Nitakusimulia nilivyoogopa. Hofu haikuisha siku niliyotajiwa jina la ugonjwa. Siku hiyo ndipo ilipopewa ajira ya kudumu.

Mimi ni wa Bagamoyo. Si ile ya pwani, ni hii yetu ya hapa Tukuyu mjini. Babu ndiye aliyetoka pwani na cherehani yake, akawashonea watu wa huku kanzu na suruali mpaka akazikwa huku. Mama yangu ni muuza maandazi na chapati. Tumekula ngano, tumevaa ngano, tumelipiwa shule na ngano. Kumwambia mama kwamba ngano inaniua ni sawa na kumtukana mbele ya wateja.

Ugonjwa ulianza mwaka nilioolewa, ndiyo maana mwanzoni watu walitabasamu. Jioni tumbo lilijaa likawa gumu, majirani wakaniuliza mtoto anatarajiwa lini. Asubuhi halipo. Kilichobaki ni kuhara. Nanunua ndizi na maparachichi mashambani, nayapeleka kwenye malori, kazi ya kutembea kutwa nzima, na nikafika mahali pa kukijua kila choo kati ya stendi na soko, na ufunguo wake anakaa nao nani. Nywele zikawa zinabaki kwenye kitana. Mdomo ukajaa vidonda. Nikiinama kuhesabu mikungu, nikiinuka naona nyota mchana. Blauzi zikanining'inia kama zimeanikwa.

Mji mdogo una madaktari wengi. Walisema minyoo, wakasema taifodi, wakasema nimerogwa na mwenzangu wa sokoni. Wengine hawakusema kitu, walinitazama tu mikono, nikajua wanachofikiri. Nilipima. Majibu yakaja mazuri, nikapima tena mahali pengine, kwa sababu mimi nahesabu kila kitu mara mbili. Mazuri tena. Nikatoka nje nikalia, maana sasa nilikuwa nakufa kwa kitu kisicho na jina.

Katikati ya hayo mimba mbili ziliharibika. Hizo mbili sikutaka kuzihesabu hata mara moja.

Mume wangu Lusajo ni fundi ujenzi, wiki nzima yuko Mbeya, anarudi Jumamosi. Ndiye aliyenipeleka hospitali kubwa huko. Kama hujawahi kukaa kwenye benchi la hospitali kubwa, ujue ni benchi linalotembea. Mtu wa mbele akiingia, wote mnasogeza makalio hatua moja. Jirani yako wa kushoto unamjua mpaka jina la mkwe wake, halafu anaitwa, mlango unafungwa, humwoni tena. Nilikuwa nautazama ule mlango namwomba Mungu foleni iende haraka, na papo hapo naomba isifike kwangu.

Daktari alikuwa dada mmoja mdogo, kapangiwa kazi huku kutoka kanda ya ziwa. Hakuanza na tumbo. Aliuliza, "Dada, ukiamka unakula nini?"

"Chai na maandazi."

"Mangapi?"

"Daktari, mpishi ni mama yangu. Hayahesabiwi."

Akaandika. Nikatolewa damu, nikapangiwa siku ya kumezeshwa mpira wenye kamera. Sitakuficha, ule mpira niliuogopa kuliko kifo chenyewe, maana kifo sijawahi kukiona kikiwa kimewekwa kwenye sinia. Majibu yalichukua wiki nyingi. Mvua za masika zilianza nayasubiri, zikachanganya, zikaanza kupungua, bado nayasubiri. Usiniulize habari za ndani za kitaalamu. Nilichoshika ni kwamba unaitwa seliaki, hauambukizi, na dawa yake ni kuacha. Ngano, shayiri na ndugu zao. Maisha yote.

"Hata kidogo?" nikamuuliza.

"Hata chembe."

"Nusu andazi, siku ya Idi tu?"

Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Dada, kwenye hili hakuna bei ya kushuka. Na zile mimba, huenda ugonjwa huu ulichangia. Siwezi kukuapia. Ila ukitaka kujaribu tena, kwanza utumbo upone."

Mama nilimweleza jikoni kwake. Alikuwa anasukuma chapati, na hakuacha kusukuma.

"Umekula kwangu tangu una meno mawili. Leo ndiyo yamekuwa sumu?"

"Mama, si maandazi yako. Ni ngano yoyote."

"Mbona mimi sijafa?"

Siku kadhaa alinisalimu kama anavyomsalimu mteja wa mkopo. Ramadhani ilipofika akaniwekea vitumbua pembeni, vya mchele mtupu, huku ametazama ukutani. Nikafurahi mpaka nikaona kikaango. Alikuwa amevikaanga kwenye mafuta yale yale ya maandazi. Kukataa kitumbua hicho ni kazi ngumu kuliko kumeza mpira wa kamera. Nilikataa. Kesho yake nikakuta ametenga kikaango kipya, amekifunga kitambaa chekundu kwenye mpini, na dada zangu wameonywa kwamba atakayekigusa atakula hicho kitambaa.

Nikaanza kupona. Na hapa ndipo nataka unisikilize wewe uliyeambiwa juzi: huku kwetu mtu anaweza kuishi bila ngano na akanawiri. Ndizi za kupika zipo mwaka mzima. Kuna magimbi, viazi, maharage, mchele wa Kyela, parachichi linaloanguka lenyewe. Maziwa yalinisumbua mwanzoni, baadaye tukaelewana. Harusini naenda nimeshakula, nacheza kuliko waliokula. Safari nabeba ndizi zangu za kuchemsha na chumvi kwenye karatasi. Kufika kiangazi sketi zilianza kunibana, nikazibana na mimi kwa furaha. Baridi ya mwezi wa sita, mwaka uliofuata, ilinikuta na mimba.

Habari zikafika Kinyala, kwa baba mkwe. Mzee Asajile ana mashine ya kusaga, ameishi nayo kuliko alivyoishi na marehemu mkewe. Akampigia simu Lusajo: "Mwambie mkamwana asile unga wa dukani. Nani anajua wanachanganya nini? Nitamsagia mwenyewe." Na kweli, ukaanza kuja mfuko kwa bodaboda, mweupe, laini, umefungwa kwa kamba ya mgomba. Nilijiona nimeolewa na watu. Nikapika ugali, nikala kwa raha.

Baada ya muda tumbo likajaa tena.

Siku ya kwanza nilijidanganya ni mimba. Ya pili nikakimbia chooni, ya tatu nikakaa humo humo. Vidonda vya mdomo vikarudi, kizunguzungu kikarudi, na mimi nikawa nalala nimeweka kiganja chini ya kitovu kama mtu anayeziba tundu. Mimba mbili zilizopita zilikuwa zimenifundisha jinsi inavyoanza: mgongo, halafu baridi kwenye mapaja, halafu unajua. Kila nilipokwenda haja nilikuwa naogopa kutazama. Nilikuwa natazama mara mbili.

Nikaipekua nyumba kama polisi. Nikatupa mwiko, nikabadilisha sufuria, nikafua hata pazia la jikoni. Kisha nikafanya kitu kibaya: nikaenda kwa mama.

"Mama, umenipikia nini?"

"Nini tena?"

"Kile kikaango nani amekigusa?"

Mama alikaa chini. Hakunitukana, na ingekuwa nafuu angenitukana. "Unadhani ninamtaka huyo mjukuu kidogo kuliko wewe?" akasema. Nikatoka bila kuaga.

Lusajo naye akampigia baba yake. "Baba, ule unga una nini?"

"Mahindi. Nimeyachambua mwenyewe, punje kwa punje."

Na mzee hakusema uongo.

Hapa lazima nikueleze jambo la wakwe zangu. Kwa Wanyakyusa wa umri wa baba mkwe, yeye na mke wa mwanawe hawaonani uso kwa uso. Hamshikani mikono, hamkai chumba kimoja, hampigiani simu, na mkikutana njiani mmoja anaingia migombani mpaka mwenzake apite. Si ugomvi, ni heshima. Vijana wengi wameacha, yeye hajaacha, na mimi sikutaka kuwa mtoto wa watu wa pwani aliyekuja kumvunjia mzee adabu zake. Tangu niolewe nilikuwa nimemwona mgongo tu. Ungenipangia migongo ya wazee wote wa Kinyala ningekuchagulia wake bila kukosea. Kwa hiyo kila nilipokwenda huko kununua maparachichi nilikuwa naizunguka ile mashine kwa njia ya chini, na sikuwahi kujua kinachoingia humo wala kinachotoka.

Siku moja mvua ilikuwa imeiharibu njia ya chini. Nikapita juu, nimejifunika kanga mpaka puani. Wanawake watatu walikuwa wanatoka mashineni na ndoo, nyusi nyeupe kwa vumbi la unga. Nikawapa pole na kazi, nikauliza kwa mazoea ya sokoni tu, "Mmesaga nini leo?"

"Lishe, dada. Ya watoto kliniki. Mahindi, ulezi, soya na ngano."

Nikauliza, "Mnasaga hapa siku zote?"

"Tangu kikundi chetu kianze. Watu wanagombania kusaga nyuma yetu. Mabaki yanayobaki kwenye mashine yanaingia kwenye unga wako, unakuwa mtamu, na hulipii."

Mwenzake akadakia, "Usijisumbue, nafasi hiyo ina mwenyewe. Mzee anasaga mahindi ya mkamwana wake, yule mgonjwa wa mjini. Anasubiri tumalize ndipo anamwaga ya kwake. Anasema yale mabaki ya lishe yatamnenepesha, maskini."

"Atamzaa mtoto wa darasa la tatu," akasema wa tatu, wakacheka wakaondoka.

Nilibaki nimesimama kwenye tope. Kila mfuko uliokuja mweupe, laini, umefungwa kwa kamba ya mgomba, ulikuwa umebeba ngano iliyowekwa na mtu anayenitakia mema, tena kwa kusubiri foleni. Mtoto alikuwa hajacheza siku hiyo. Au alikuwa amecheza na sikusikia. Nikajaribu kukumbuka mara ya mwisho, nikashindwa.

Ningeweza kumpigia Lusajo. Lakini maneno yalikwisha kupita kwa Lusajo mara moja, akauliza unga una nini, akajibiwa ukweli, na ukweli wenyewe nusura unizike. Injini ya mashine ikazimwa. Nikazunguka nyuma ya banda, upande wa ukuta wa mabanzi, nikaupa ukuta mgongo ili nisije nikamwona hata kwenye nyufa.

"Hodi, baba."

Kitu kikaanguka ndani, nadhani debe.

"Nani?"

"Mke wa Lusajo."

Nikasikia anahema. "Ee Kyala, Mungu wangu. Kuna msiba?"

"Bado, baba. Ndiyo maana nimekuja."

Nikamweleza yote, nikiitazama migomba. Nilipofika kwenye mabaki ya lishe nikasikia anaketi juu ya debe.

"Mimi ndiye niliyekuwa nakupa," akasema.

"Ulikuwa hujui, baba. Hata mimi sikujua."

"Leo hii nawafukuza wenye lishe."

"Hapana. Watoto wao watakula nini?"

"Basi nitaisafisha. Naifungua yote, naipiga brashi."

"Daktari amesema hata chembe."

"Nitasaga kwanza mahindi ya kuku. Debe zima, yaondoe vumbi la ngano."

"Hata chembe, baba."

"Madebe mawili!"

Mimi ambaye nimeshusha bei za watu sugu kuliko yeye, kwa mara ya kwanza nikawa sina nafasi ya kupanda wala kushuka. "Baba, huu unga siwezi kuula tena."

Kisha akasema taratibu, "Kuna kinu cha mama yake Lusajo. Hakijawahi kuona ngano, enzi zake tulikuwa hatuijui. Nitatwanga."

"Wewe mwenyewe? Baba, watu watakucheka. Mwanamume kutwanga?"

"Watanicheka nini tena, mkamwana? Saa hizi kuna watu wanapita wananiona naongea na ukuta."

Nikacheka. Nikacheka huku nimeshika tumbo, na pale ndipo mtoto alipocheza. Teke moja, upande wa kulia. Nikasubiri la pili kabla sijaamini.

Nikamfuata mama jioni hiyo hiyo. Sikupanga maneno. Nilimwambia, "Si wewe." Akasema, "Najua si mimi," akanisogezea kigoda.

Unga wa kinu ulikuwa na chenga, ugali wake unakwaruza koo, na nikikuambia ni mtamu nakudanganya. Niliula. Tumbo likashuka polepole. Nilisikia kwa wifi kwamba wanawake wa Kinyala walikuwa wanategea kupita uani kwa mzee asubuhi kumsikia akitwanga na kuguna, na kwamba mmoja alimwambia anashika mchi kama anayeua nyoka.

Sitaki ufikiri kwamba baada ya hapo nilitulia. Miezi iliyobaki niliipita kama anayevuka daraja la mti mmoja. Damu ilikuwa pungufu kliniki, ikaongezeka kidogo, ikapungua, nikapewa vidonge vya rangi ya kutu. Muuguzi akipima mapigo ya mtoto nilikuwa namtazama yeye usoni, si tumboni, niwahi kumsoma kabla hajasema. Nilimwomba apime tena. Alinizoea, akawa anapima mara mbili kabla sijaomba. Huruma za namna hiyo usizidharau, ndizo zilizonivusha.

Subilaga alizaliwa mvua zimeshika, mdogo, mwenye sauti ya mnadani. Leo ana miezi minane, tunamwita Subi.

Na sasa nikuambie kilichonifanya nikae kuandika. Wiki iliyopita nilimpeleka kwa yule daktari. Nikamwambia kwa fahari kwamba huyu mtoto hajaonja ngano na hataonja. Daktari akatikisa kichwa. Akasema ugonjwa huu unaweza kumfuata na unaweza usimfuate, na hatuwezi kujua kwa kumficha. "Mpe ngano kidogo kidogo, kama watoto wengine. Tumwangalie anavyokua. Wakati ukifika tutampima."

"Nimpe mimi? Kwa mkono wangu?"

"Wewe ndiye unayejua kuangalia."

Nimepima uzito wa maneno hayo siku nzima, kisha kesho yake nikayapima tena. Jumamosi Lusajo alinunua mkate. Mkate ulikuwa haujaingia nyumba hii tangu masika ile. Tukauweka nje, kwenye kigoda, kama mgeni asiyeaminika. Lusajo akampakata mwanawe, mimi nikakata kipande kidogo kama ukucha, nikakilainisha kwa maziwa. Subi akafungua mdomo kabla sijafika, akatafuna kwa fizi, akapiga mikono, akataka tena. Nikampa cha pili. Nikanawa mpaka viwiko, nikarudi nikakaa mbele yake.

"Usimtazame hivyo," Lusajo akasema. "Unamtazama kama amekuibia."

"Nyamaza. Mguse tumbo."

"Liko sawa."

"Mguse tena."

Muda ukapita. Ghafla Subi akaacha kucheza. Akakunja uso, akawa mwekundu, akajinyoosha kwenye mapaja ya baba yake, tumbo likakaza. Nililigusa, gumu kama embe bichi. Ninalijua tumbo hilo, nimeishi nalo. Nikachukua kanga, nikachukua kadi ya kliniki, nikaingiza mguu kwenye kiatu, namwita bodaboda wa kona kwa sauti ambayo sikujua ninayo.

Subi akajamba. Si kidogo. Kuku wawili walikimbia.

Kisha akacheka, akanyoosha mkono kwenye kigoda kuutafuta mkate.

Bodaboda alikuwa ameshasimama mlangoni, injini inaunguruma. "Hospitali ipi, dada?"

Lusajo alishindwa kumjibu kwa kicheko. Nikamgusa Subi tumbo, limelainika. Nikamgusa tena. Nikamwambia yule kijana aende tu, leo hatuendi. Nikakaa chini nivue viatu, ndipo nikaona nilikuwa nimevaa kimoja.